Jopo kwanza, zabuni baadaye: barua ya wazi kwa viongozi wa Mkoa wa Mwanza

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza,
Katibu Tawala wa Mkoa,
Mameya, wenyeviti na wakurugenzi wa halmashauri zinazopakana na Ziwa Victoria.

Waheshimiwa, salaam.

Tunaowaandikia ni watu wa fani mbalimbali tunaofanya kazi kando ya ziwa: ufugaji wa samaki, kemia ya maji, umeme na elektroniki, usindikaji wa dagaa, afya ya jamii, hali ya hewa, uchumi na manunuzi ya umma. Ombi letu ni moja. Kabla halmashauri haijatangaza zabuni ya kifaa chochote kipya kwa ajili ya wavuvi, wafugaji wa vizimba, kina mama wa dagaa au zahanati za visiwani, kifaa hicho kipitie kwanza kwenye jopo dogo la kudumu la watu wa fani nyingi. Kazi ya jopo iwe kutafuta teknolojia zinazochipukia, kuzipima kwa maji, jua na soko la hapa, na kutamka kwa maandishi ipi ichukuliwe, ipi isubiri na ipi ikataliwe.

Tunasema hivi kwa sababu vifaa vipya huku mialoni, yaani fukwe za kupokelea samaki, mara chache vinakufa kwa ubovu wa kiwandani. Vinakufa kwenye fani ambayo mtu wake hakuitwa siku ya uamuzi. Mhandisi anaijua paneli lakini halijui soko la Mwaloni Kirumba. Ofisa uvuvi anamjua sato lakini hajui kipimo alicholetewa kimesawazishwa kwa mgandamizo upi wa hewa. Ofisa manunuzi anaijua sheria na anaujua mfumo wa NeST wa manunuzi ya umma kwa mtandao, ila hakuna aliyemwambia kwamba betri mbili zenye namba zilezile kwenye karatasi zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa. Wote hao ni watu makini. Tatizo ni kwamba kila mmoja anapitisha kipande chake peke yake, na faili linasonga mbele likiwa na saini zote.

Tuanze na vizimba vya sato, kwa kuwa huko ndiko mikopo mingi inakoelekea sasa. Chukueni kizimba cha mita 6 kwa 6 chenye wavu wa kina cha mita 5. Hizo ni mita za ujazo 180. Ukipanda samaki 60 kwa kila mita ya ujazo unapata samaki 10,800, na wakifika gramu 400 kila mmoja, ndani ya wavu mna tani 4.3 za samaki. Sato aliyeshiba hutumia kama robo gramu ya oksijeni kwa saa kwa kila kilo ya mwili wake. Kwa hiyo kizimba kizima kinakula zaidi kidogo ya kilo moja ya oksijeni kila saa. Sasa pigeni hesabu ya upande wa pili: maji yote yaliyomo kizimbani, yakiwa na miligramu 6 za oksijeni kwa lita, yamebeba kilo 1.08 tu. Maji hayo yakisimama, ndani ya nusu saa oksijeni inashuka hadi miligramu 3, ambapo samaki huacha kula na kuanza kupanda juu kuhema.

Kinachowaweka hai, basi, ni mkondo unaopita kwenye matundu ya wavu. Wavu uliofunikwa na mwani unaua hata ziwa likiwa na afya. Na ziwa lenyewe lina majira yake: kuanzia Septemba hivi hadi Aprili au Mei maji hujigawa matabaka, tabaka la chini likaishiwa oksijeni, kisha pepo za kusi za Juni na Julai hulikoroga lote. Maji mabaya ya chini yakisukumwa kuelekea ufukweni yanaweza kumaliza vizimba vya ghuba nzima kwa usiku mmoja. Saa mbaya kuliko zote ni alfajiri, kabla mwani haujapata mwanga wa kutengeneza oksijeni upya.

Kipima oksijeni kinachotuma ujumbe kwa simu ni teknolojia nzuri, na tunaiunga mkono. Ila tazameni inavyoanguka. Tuko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Maji ya nyuzi 25 hapa hujaa oksijeni kwa takriban miligramu 7.2 kwa lita, wakati baharini yangejaa kwa 8.3. Kipimo kinachosawazishwa hewani bila kuingiziwa mgandamizo wa Mwanza kitasoma juu kwa kama asilimia 15: kitaandika 4.0 wakati ukweli ni 3.5, na mfugaji atalala usingizi. Hilo analijua mtu wa kemia ya maji. Jambo la pili, ukikining'iniza kipimo nusu mita chini ya uso wa maji unapima pale penye hewa nzuri kuliko pote, ilhali maji mabaya yanaingia kwa chini. Kinatakiwa kimoja juu na kingine kwenye sakafu ya wavu. Hilo analijua mtu wa samaki. La tatu, ute na mwani huota kwenye uso wa kipimo ndani ya wiki moja au mbili, namba zikaanza kupotoka polepole bila kifaa kulalamika. Vipimo vya utando vinahitaji pia kubadilishiwa utando na maji yake ya ndani. Vile vinavyotumia mwanga vina usumbufu mdogo, vinahitaji kufutwa kwa kitambaa laini na kubadilishiwa kofia yake baada ya mwaka mmoja au miwili. Hilo analijua fundi.

Swali gumu kuliko yote hata halihusu kifaa: ujumbe ukiingia saa 11 alfajiri, mfugaji afanye nini? Kizimba kilichoko ziwani hakiokolewi na kipuliza hewa kidogo, kwa kuwa hewa unayoiingiza inaondoka na maji. Kinachosaidia kinafanyika mapema: kusimamisha chakula jioni dalili zinapoanza, kwa kuwa samaki mwenye njaa hutumia oksijeni kidogo, kusafisha wavu kabla ya Juni, kuvuna samaki wakubwa mapema ili kupunguza msongamano, kuhamishia kizimba kwenye kina kikubwa na mkondo mzuri. Hapo ndipo mchumi anaingia na kuuliza kama kila kizimba kinahitaji kifaa chake. Maoni yetu ni kwamba hapana. Kipimo kimoja cha mkononi cha aina ya mwanga, kikae kwa kikundi, mtu mmoja alipwe kupita alfajiri kwenye vizimba kumi na kuandika namba kwenye daftari, kitaokoa samaki wengi kuliko vifaa kumi vya kudumu visivyo na wa kuvifuta. Mwuzaji hawezi kuwaambia hivyo.

Mfano wa pili ni vikaushio vya sola vya dagaa. Dagaa mbichi ana maji kama asilimia 78. Ili asiote kuvu ghalani anatakiwa ashuke hadi asilimia 12 hivi. Kilo 500 za dagaa wabichi, yaani ndoo kama 25 za lita 20, ambazo mtumbwi mmoja unaweza kuzileta usiku ukiwa wa neema, zinatoa kilo 125 za dagaa wakavu. Maana yake unatakiwa kuvukiza kilo 375 za maji. Nishati ya kuvukiza kiasi hicho ni kama uniti 255 za umeme. Jua la kwetu linaleta kama uniti 5.5 kwa kila mita ya mraba kwa siku njema, na kikaushio cha kawaida hufikisha robo yake hivi kwenye maji ya samaki. Gawanyeni. Mnahitaji takriban mita za mraba 190 za kikaushio kwa mtumbwi mmoja. Sasa mtu akija na kibanda cha mita 20 za mraba akisema kinakausha nusu tani kwa siku, hakuna haja ya kumwita mwongo. Mwombeni tu aandike hesabu hiyo ubaoni mbele ya jopo.

Hayo ni ya fizikia. Yanayobaki ni ya kina mama wanaoanika, na wao ndio wataalamu wa fani hiyo. Watawaambia kwamba kibanda kisicho na matundu ya kutosha juu hufuga unyevu, maji yakaganda kwenye nailoni usiku na kuwadondokea dagaa tena. Kwamba joto likizidi nyuzi 55 hivi dagaa hukauka ganda la nje na kubaki mbichi ndani, akaonekana mzuri leo na kuoza kwenye gunia wiki ijayo. Kwamba mnunuzi wa Kirumba hununua kwa jicho, anatafuta mng'aro wa fedha na samaki anayevunjika kwa kishindo anapopindwa, na hatalipa hata shilingi ya ziada kwa sababu dagaa wametoka kwenye mradi. Watawaambia pia kuwa kibanda kilichojengwa kwenye kiwanja cha ofisi ya kata, mbali na mwalo, hakitabebewa ndoo 25 kichwani hata siku moja. Nailoni isiyo na kinga ya jua hupasuka ndani ya msimu mmoja, kwa hiyo zabuni iandike unene wa maikroni 200 na kinga ya mionzi ya jua. Isiandike "nailoni bora".

Kwa mizani yetu, kichanja cha nyavu kilichoinuliwa mita moja kutoka mchangani, chenye turubai la kufunika mvua ikija, bado kinashinda vibanda vingi katika miezi ya kiangazi. Kikaushio cha kufunikwa kina nafasi yake kwenye vuli na masika, wakati dagaa wa mchangani wanaishia kuwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Kwa hiyo majaribio yafanyike Novemba na Aprili. Jaribio la kikaushio lililofanyika Agosti halijajaribu chochote.

Betri za taa za dagaa tutazipitia kwa kifupi, ingawa zina mafunzo mengi. Taa nne za LED za wati 10 zikiwaka saa 11 zinakula wati-saa 440. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 70 ina 840 kwenye lebo, lakini haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo inakupa 420 na inakufa kabla ya kupambazuka. Na kuna jambo ambalo mtu wa umeme hawezi kulijua asipokaa na mvuvi: siku za mbalamwezi mtumbwi haushuki, betri iliyoishiwa chaji inakaa pembeni wiki nzima na zaidi, sahani za ndani zinajenga ukoko wa salfeti na uwezo haurudi tena. Kila mwezi inapigwa pigo hilo. Betri ya lithiamu aina ya chuma na fosfeti, volti 12 na ampea-saa 50, inatoa zaidi ya 500 kwa usiku, ina uzito wa kilo kama 6 badala ya 20, na haidhuriki hivyo ikikaa. Paneli ya wati 150 inaitosha. Lakini ikifungwa kwenye chaja ileile ya zamani iliyopangwa kwa betri ya asidi, volti hupandishwa kupita kiasi, ulinzi wa ndani unakata, na mwenye mtumbwi anatangaza mwalo mzima kwamba lithiamu ni takataka. Tatizo lilikuwa kwenye chaja ambayo hati ya zabuni haikuitaja.

Boti za umeme nazo zinajitembeza sana siku hizi. Injini ya farasi 15 ni kilowati 11. Safari ya saa tatu kwa mwendo wa wastani wa kilowati 7 inahitaji uniti 21, yaani betri ya zaidi ya kilo 200 na paneli za kilowati 6 ufukweni kuijaza kwa siku moja. Kwa mvuvi anayekwenda mbali, zisubiri. Kwa kivuko kifupi cha kilomita mbili tatu chenye ratiba na nguzo ya umeme ufukweni, zianze kujaribiwa sasa.

Droni: mwaka 2018 kampuni za DHL na Wingcopter pamoja na shirika la Ujerumani la GIZ walirusha dawa kutoka bara hadi Ukerewe, kilomita 60, kwa wastani wa dakika 40, wakati safari ya barabara na kivuko ni kilomita 240 na inaweza kuchukua saa sita. Kwamba ndege inafika, hilo limekwisha. Kilichobaki ni nani analipia kila safari mfadhili akiondoka, nani anapokea damu au chanjo ikitua na ana friji inayofanya kazi, na kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kinashikwa na nani mwaka hadi mwaka. Hakuna hata moja kati ya hayo linalojibiwa na mhandisi wa ndege.

Na gugumaji. Kila miaka michache hujitokeza mtu wa kulitengenezea gesi, mkaa au mbolea. Mmea huo ni maji kwa asilimia 90 na zaidi: tani moja unayoivuta ufukweni inakupa kilo 50 hadi 100 za kitu kikavu, kwa hiyo mafuta ya lori yanaweza kula faida yote kabla mtambo haujawashwa. Picha za setilaiti, kwa upande mwingine, ni bure. Setilaiti za Sentinel-2 hupita kila baada ya siku tano na kuona kipande cha mita 10. Mawingu ya masika yakifunga, rada ya Sentinel-1 huona kupitia mawingu. Kijana mmoja wa jiografia mwenye kompyuta na intaneti anaweza kutoa ramani ya gugumaji ya Ghuba ya Mwanza kila wiki. Hii ni teknolojia ambayo hakuna mwuzaji wa kuipigia debe, na ndiyo sababu haijawahi kufika mezani kwenu kwa nguvu ya zile nyingine. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Kwenye teknolojia tumeona kinabaki rafuni mpaka mtu atumwe kukitafuta.

Jopo lenyewe lifanyeje kazi? Njia ipo, na si ya kubuni. Miaka ya 1950 watafiti wa RAND, taasisi ya utafiti huko Marekani, akiwemo Olaf Helmer na Norman Dalkey, walitengeneza utaratibu unaoitwa Delphi: wataalamu hawabishani ana kwa ana, wanajibu kwa maandishi bila majina, wanaonyeshwa majibu ya wenzao, kisha wanajibu tena. Japani imeutumia kutazama teknolojia zijazo tangu 1971, kila baada ya takriban miaka mitano. Umoja wa Afrika nao una jopo lake la teknolojia chipukizi, na kati ya mambo liliyoyachagua mapema ni droni, gridi ndogo za umeme, na mbinu ya kueneza jeni kwa mbu wa malaria. Hata Profesa Calestous Juma, aliyekuwa mwenyekiti mwenza wa majopo ya Umoja huo ya sayansi na teknolojia, alikulia kwenye ufuko wa ziwa hilihili upande wa Kenya. Jambo hili si geni kwetu. Tunachokosa ni ngazi ya mkoa, ambako vifaa hununuliwa kweli.

Kutokuwa na majina ni jambo tunalolisisitiza kuliko yote, kwa sababu tunavijua vikao vyetu. Mkubwa akishafungua mdomo, kinachofuata ni "naunga mkono hoja" mpaka chai. Kwa hiyo kila mjumbe apewe kadi yenye namba. Kila teknolojia aipe alama 0 hadi 10 kwa maswali machache: inatatua shida ipi hasa na ya nani, imethibitishwa wapi, kwenye maji baridi au ya bahari, fundi wa hapa anaweza kuifungua na kuirudisha, kipuri kinatoka wapi na kinachukua siku ngapi, gharama kwa kilo ya samaki au kwa mgonjwa ni ngapi, ukihesabu miaka mitatu. Katibu arudishe alama ya katikati na upana wa alama, si wastani, maana kumi moja ya shabiki huvuta wastani juu. Aliyetoa alama ya chini kabisa na wa juu kabisa waandike sababu, mistari mitatu tu. Raundi ya pili ifuate baada ya wote kusoma sababu hizo. Mara nyingi ndipo inapojitokeza ile habari ya mgandamizo wa hewa au ya mbalamwezi, kwenye karatasi ya mtu mmoja ambaye kikaoni asingenyoosha mkono. Raundi ya tatu iwe ya mwisho. Wakiwa bado wametawanyika, jibu ni "isubiri", na mtawanyiko uandikwe.

Wajumbe wenye kura wawe 13. Wasizidi watano wenye kazi ya utafiti au ualimu wa chuo. Mwanza ina hazina kubwa kwa NIMR ya utafiti wa magonjwa, TAFIRI ya utafiti wa uvuvi, hospitali ya Bugando na vyuo, lakini jopo la maprofesa watupu litachagua vitu vya kuandikia makala. Nafasi mbili ziwe za wachakataji dagaa, mbili za BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali za mwalo) na wafugaji wa vizimba, moja ya fundi wa boti, moja ya fundi wa elektroniki wa mtaani anayetengeneza sola na simu kila siku, moja ya mtu wa hali ya hewa, moja ya ofisa manunuzi. Angalau mjumbe mmoja kati ya hao wote awe anaishi kisiwani. Anayeuza au kuwakilisha kampuni aje kueleza na kuulizwa, kisha atoke; asipige kura hata kama ndiye anayejua kuliko wote.

Kuhusu posho, tuseme wazi. Jopo linalolipwa kwa kikao litazaa vikao. Lipeni kwa karatasi: kila teknolojia iliyochunguzwa ikatoa kurasa mbili zenye hesabu, malipo yatoke. Vikao viwe vinne kwa mwaka, siku mbili kila kimoja. Hizo ni siku 104 za watu wote 13 kwa pamoja, na nauli za wa visiwani.

Kwa kiwango cha ukomavu tumieni ngazi za NASA, shirika la anga la Marekani, kuanzia 1 ambayo ni wazo tu hadi 9 ambayo ni kifaa kilichothibitika kazini, lakini kwa sharti moja ambalo wauzaji hulikwepa: ngazi hupimwa kwa mazingira husika. Kizimba chenye mitambo ambacho ni ngazi ya 9 kwenye bahari ya Norway kinaweza kuwa ngazi ya 5 hapa, ambapo maji ni ya joto, umeme unakatika na fundi wa karibu yuko Dar es Salaam. Jopo liipangie ngazi upya. Kuanzia 4 kushuka chini, iachwe kwa vyuo. Kati ya 5 na 7, ijaribiwe. Kuanzia 8, zabuni inaweza kuandikwa.

Jaribio lenyewe lisiwe la kifaa kimoja. Vifaa viwe vitatu, mialo miwili, kipindi kikipita kwenye mvua na kwenye kusi. Kifaa kimoja kikiharibika hujui kama ni bahati mbaya au ni ubovu wa aina hiyo, vitatu vinakuambia. Kabla ya kuanza, yaandikwe masharti ya kuacha: kwa mfano, vikisimama zaidi ya siku 10 ndani ya miezi mitatu kwa kukosa kipuri, jaribio limefungwa. Yasipoandikwa mwanzoni, hakuna mradi utakaokiri kuwa umeshindwa. Ndani ya wiki ya kwanza, fundi wa mwaloni akifungue kifaa na kukirudisha mbele ya aliyekileta. Na mkataba useme nani anashika nywila za mfumo na takwimu zinazokusanywa, kwani tumeona mifumo inayobaki na namba za samaki wetu kwenye kompyuta ya mtu aliyeko ng'ambo, mkataba ukiisha mlango unafungwa.

Tunaomba pia daftari la yaliyokataliwa, liwe wazi kwa umma kama lile la yaliyokubaliwa, na sababu zake. Kifaa kilichokataliwa Ilemela hubisha hodi Magu mwezi unaofuata, kisha Sengerema, kisha Buchosa. Kila mmoja anaanza upya. Lakini kukataliwa kusiwe kifungo cha maisha: kila jina lipewe tarehe ya kutazamwa tena, miaka miwili hivi, pamoja na kitu kimoja ambacho kikibadilika kinabadilisha uamuzi. Kwa boti za umeme, kwa mfano, kitu hicho ni uzito wa betri kwa uniti.

Fedha hatuombi mfuko mpya. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, zile 4 za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu, tayari zinanunua vifaa vingi vya aina hii kupitia vikundi. Kikundi kinachokopa kununua kifaa kibaya kinabaki na deni, na kifaa kimekufa. Karatasi mbili za jopo ziambatishwe kwenye ombi la mkopo linalohusu kifaa kipya. Zisiwe kizuizi, ziwe taarifa ambayo kikundi kinaisoma kwa Kiswahili kabla ya kusaini.

Kalenda inabana. Bajeti za halmashauri huanza kuandaliwa karibu na Novemba kwa mwaka unaoanza Julai 1. Jopo likitaka kusikilizwa, orodha yake ya kwanza iwe tayari mwisho wa Oktoba. Kikao cha kwanza kichukue mambo matatu tu: vipima oksijeni vya vizimba, vikaushio vya mvua vya dagaa, na ramani za gugumaji kwa setilaiti. Vipimo vya haraka vya kichocho kwa mkojo, pamoja na namna ya kumfikishia mvuvi utabiri wa dhoruba za usiku akiwa nje ya mtandao wa simu, viingie kikao cha pili, kwa kuwa vinahitaji watu wa Wizara na wa Mamlaka ya Hali ya Hewa wapewe taarifa mapema.

Kwa sasa tunachohitaji kutoka ofisi ya Katibu Tawala ni barua moja inayomtaja ofisa atakayekuwa katibu wa jopo, na chumba chenye meza mahali ambapo mtu wa Ukara akishuka melini anaweza kupafikia kwa miguu. Hesabu zote zilizomo humu tuko tayari kuzipitia na wataalamu wenu mstari kwa mstari, wiki yoyote mtakayoipanga.

Wasalaam,

Wataalamu, mafundi na wachakataji wa kando ya ziwa
Mwanza